Kilichonitafuna Mgongoni

Nakumbuka adhuhuri moja ya msimu wa pamba, mwanangu, mgongo wangu ulipolia "ka!" nikiwa na gunia begani. Wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wameingia Bariadi, kila mmoja na mizani yake, wakigombania pamba kama kuku punje. Nasi vijana tukabeba magunia mawilimawili ili tusifiwe. Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Tangu hapo kitu kiliishi mgongoni mwangu. Kilitafuna. Nilikisikia kikishuka taratibu hadi kisigino cha kushoto, kikatulia, kikapanda tena. Na kila Mayu Kabula alipopita na ndoo yake ya maji, kilichachamaa. Mama huyo, maana mayu kwetu ni mama, alikuwa jirani yetu, mjane aliyenilea mama yangu alipofariki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na kwetu macho mekundu yalihesabiwa ya mchawi. Siku moja nywele zikanisimama, nikasema mbele za watu, "Ni yeye anayenila."

Neno likitoka halirudi. Kesho yake sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walikaa nje ya ua wake na pinde zao, juani. Yeye alipepeta mtama tu.

Mjomba akanipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari akaniambia:

"Kati ya pingili za mgongo kuna mito laini. Damu haifiki ndani yake, kwa hiyo askari wa mwili wako hawaijui. Mto wako mmoja umepasuka. Askari wameuona, wakadhani ni mgeni, wanaushambulia hadi pamevimba. Ule uvimbe ndio unaochoma mshipa wa fahamu wa mguu. Anayekula ni mwili wako mwenyewe, kijana."

Niliogopa kuliko nilivyomwogopa mchawi. Nikakumbuka kwamba Mayu hupita adhuhuri, nikiwa nimeketi tangu asubuhi, mgongo umechoka.

Asubuhi iliyofuata nilipita nikiegemea fimbo katikati ya zile pinde, nikapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Nilikusingizia."

"Inuka, mwanangu, utaumia," alisema.

Walinzi wakaondoka. Lakini mpaka anakufa, hakuna jirani aliyekwenda tena kwake kuomba moto. Hilo linaniuma kuliko mgongo.

Basi mwanangu, usibebe mzigo wa sifa. Na maumivu usiyoyajua, yapeleke kwa daktari kabla hujamtaja mtu. Mungu akunyooshee mgongo, na akujalie kuwatambua walio wako ungali nao.