Siku Niliyokufa Bomani Kilosa

Siku yangu ya kwanza bomani nilikabidhiwa funguo, fagio na popo wote waliokuwa darini. Nilikuwa nimetoka Mikumi, kupaka rangi nyumba za wageni. Mkuu wa Kituo kipya cha utamaduni, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Maganga, jengo hili lilitisha watu. Sasa tunataka wasome na wacheze ngoma humu. Anza na popo."

Ninyi mnalijua kama maktaba. Wajerumani walilijenga liwe ngome: kuta nene za mawe, na nyuma chumba kisicho na dirisha, ndicho kilichokuwa mahabusu. Kazi yangu ilikuwa kuziuguza kuta hizo. Ukuta wa zamani hupigwa lipu ya chokaa, si ya saruji, ili unyevu upate kutoka. Kila masika yakiisha nilikuwa nagonga kwa kidole. Panapolia tupu nabandua, napiga upya. Niliipenda kazi ile, sifichi.

Vitabu vikaja, wanafunzi wa jioni wakaja. Wenyeji hawakuja. Siku ya ngoma ya kwanza, kikundi cha Bi Mwanaidi kilifika langoni kikasimama.

"Babu yangu alifungwa humu kwa kukosa kodi, akatoka maiti," alisema Bi Mwanaidi. "Mie siingii."

Mkuu wa Kituo alibembeleza, wapi. Akaninong'oneza, "Wakiondoka hawa, Maganga, wakubwa wanaligeuza stoo ya mbolea. Wameshasema."

Sasa, mimi ni Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa Kilosa na mkonge. Bi Mwanaidi ni Msagara. Sisi ni watani, na mtani hufanya jambo ambalo mwingine akilifanya ni ugomvi. Tena kwenye msiba, mtani ndiye mwenye kazi ya kushughulikia maiti na kuwachekesha wafiwa. Basi nikaingia mahabusu, nikalala chali, nikapiga yowe.

"Wasagara, mtani wenu nimekufa humu! Mnawaachia popo wanizike?"

Nikaanza kuona haya, mtu mzima nimelala vumbini. Kisha nikasikia kandambili. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni, akazitazama kuta zile kwa muda, machozi yakimtoka. Halafu akanikamata mguu.

"Mnyamwezi mzito wewe, umekufa na ugali wa nani tumboni?"

Akaanza kuniburuta. Tulipofika kizingitini aligeuka nyuma, akasema taratibu, "Na wewe babu, twende."

Wenzake waliingia kumsaidia, wakinitukana na kucheka, na ngoma ikapigwa uani mpaka jua likazama. Stoo ya mbolea haikutajwa tena.

Nimestaafu sasa, na moyo wangu umetulia. Chumba kile tulikitoboa dirisha. Watoto husomewa hadithi humo. Siku ya kuniaga, Bi Mwanaidi alisimama na mkongojo wake mbele ya wageni.

"Huyu nilishamtoa humu maiti," alisema. "Akifa tena, atembee mwenyewe."

Nilimjibu kwamba atatangulia yeye. Hatujakubaliana hadi leo, na kila Jumamosi tunakutana bomani kuendelea kubishana.