Gari Lililotetemeka Baada ya Kumshusha Santino

Pikapu iliyomleta marehemu Santino kutoka hospitali ya Kuluva hadi kwao Dranya ilitulia njia nzima, nyuma kuna jeneza na waombolezaji waliobanana.

Ilipomshusha na kwenda tupu Koboko kuleta saruji ya kaburi, ikaanza kutetemeka. Sakafu ilinguruma, viti vikacheza.

Dereva alirudi akasema marehemu amekataa kushuka.

Mwenye gari alikuwa Okuonzi, baba mdogo wa marehemu. Alisimama mbele ya matanga yote.

"Santino iko na neno," alisema. "Mutu alimupa sumu iko hapa hapa."

Kisha akamtazama Andama.

Andama alikuwa ndugu pekee wa Santino, na mume wa binti yangu Ayikoru. Shamba la baba yao sasa lilikuwa lake peke yake. Vijana wa ukoo walitaka wamtoe nje wampige siku ile ile. Dumo, mkubwa wa ukoo, akawazuia, nami nikaomba nilichunguze gari kwanza.

Nilisomea ufundi kwa mapadri, nikaendesha malori ya misheni mpaka mvi zikanijia. Sikuwa tayari kuamini kwamba maiti hutikisa chuma.

Niliingia chini ya gari. Lilikuwa limeinuliwa nyuma kwa spring za ziada, lisikwame matopeni. Kwa hiyo propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeinama kupita kiasi, na viungo vyake vilizunguka kwa kukwaruzana. Gari likibeba uzito, spring zinalala na propela inanyooka. Likiwa tupu, linatetemeka.

Maneno yasingetosha. Niliwaomba wazee wote wa ukoo wapande nyuma.

"Mukwe, unataka kutuzika na sisi?" aliuliza Dumo, akitafuta pa kushika.

Tulikwenda hadi Lurujo kwa utulivu. Wakati wa kurudi nilimshusha kila mzee kwake. Kadiri walivyopungua, ndivyo mngurumo ulivyopanda. Alipobaki Dumo peke yake, meno yake yaligongana.

"Basi," alisema. "Hii si Santino. Hii ni chuma."

Lakini kwa kuwa mimi ni mkwe wa Andama, alitaka neno la fundi asiye na undugu nasi. Tukaenda Koboko kwa Raphaël, Mkongo.

Raphaël hata hakuinama.

"Gari ya Okuonzi? Mimi ndiye niliinua, kiangazi. Kesho yake akarudi, inatetemeka wakati iko tupu. Nikasema tutie kabari kwa spring, propela ikae sawa. Akasema acha."

"Una hakika ni kiangazi?" Dumo aliuliza.

"Mzee, Santino alikuwa amekaa mbele. Alikuwa anacheka."

"Basi Okuonzi alijua tangu Santino iko mzima," Dumo alisema tulipouona moshi wa Dranya. "Anataka shamba."

Huku nyuma Okuonzi alikuwa ameona Dumo hayupo, na wazee wengine wako makwao. Aliwaachia vijana, na hakukuwa na mtu wa kuwazuia.

Tulimkuta Andama chini, amepigwa, karibu na ghala lake, kichwa kwenye mapaja ya Ayikoru. Alikuwa akipumua. Gari lilikuwa lile moja tu. Niliwaomba majirani wapande nyuma ili litulie. Wote walirudi hatua moja.

Basi tukaelekea hospitali ya Arua hivyo hivyo: mimi na Dumo mbele, binti yangu na mumewe nyuma. Lilitetemeka njia nzima, na Ayikoru alikishika kile kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, polepole," aliniambia kupitia dirisha la nyuma. Baadaye akasema, "Baba, sasa hakuna haraka."

Tulikuwa hatujafika Arua. Gari halikubadilika hata kidogo. Liliendelea kutetemeka vilevile.

Okuonzi amevuka mpaka. Raphaël alitia kabari, na gari limetulia.

Wewe unayesoma haya kwenye simu yako, mtu akituhumiwa mbele yako, usianze kwa kutafuta ukweli. Kwanza kaa mlangoni pake. Ukweli ungenisubiri. Vijana hawakusubiri.