Siku Niliyompangia Yaya

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hapo, kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, najijua. Nina mdomo wa kujitetea! Tangu dada yangu afe watu wa Kalemie wananipa pole, sokoni, kanisani, hata kazini, na mimi nazipokea pole zao kwa mikono miwili, kumbe sistahili hata moja.

Majina nitakayotaja si ya kweli. Na mimi nifichieni langu.

Dada yangu nitamwita Yaya Feza. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, lakini huyu alikuwa zaidi ya hapo. Mama alikufa nikiwa sijaanza hata kutembea vizuri, na Yaya ndiye aliyenifunga mgongoni kwa kitenge chake, akawa anaosha vyombo ziwani nami niko mgongoni, analima nami niko mgongoni. Alipoolewa Zongwe, kijiji cha ufukweni kusini, alinichukua. Nilipokua akanirudisha Kalemie nisome, yeye akabaki kule na samaki wake wa kukausha, hata mume wake alipofariki akabaki. Mungu hakumpa mtoto. Mtoto wake nilikuwa mimi.

Sasa sikieni upumbavu wangu.

Nafanya kazi ya usekretere katika biro moja hapa mjini, na napenda kila kitu kipangwe. Mwaka jana nilianza kutazama kwenye simu video za wanawake wanaofundisha kupanga vakansi, likizo za familia. Siku hii familia inavaa rangi hii, asubuhi mnakula hiki, jioni mnapiga picha ufukweni, kila kitu na saa yake. Nikapagawa! Nikasema mimi na watoto wangu nasi tutakuwa na vakansi ya watu, si kutupwa kwenye boti kama magunia. Na tungeenda wapi kama si Zongwe kwa Yaya, ambako miaka na miaka nilikuwa naahidi tu kwenda?

Mume wangu, nitamwita Papa Zawadi, ni kinyume changu kabisa. Yeye ananunua ndakala, hivi vidagaa vyetu, kwenye vijiji vya ufukwe wa kusini na kuviuza mjini. Safari yake ni kusikia injini tu. Anaweza kuwa mezani, akasikia boti inaita watu, akanawa mikono na kuondoka. Kuna siku alifika Moba amevaa kandambili za binti yetu! Tulimcheka mpaka machozi.

"Mama Zawadi," aliniambia, "kwenda kwa Yaya wako unatafutia programu ya nini? Boti inaondoka, unabeba mukoba, unaenda. Njo safari hiyo."

"Haraka haraka haina baraka," nikamjibu. "Wewe unasafirikaga kama muntu mwenye kufukuzwa. Niache na mambo yangu."

Nikampigia Yaya. Alifurahi hadi nikasikia anapiga makofi kule.

"Mudogo yangu, kuja tu siku yoyote! Utakuta sombe, utakula sombe. Utakuta nalala, utaniamusha."

"Apana, Yaya. Vakansi ya siku hizi wanapangaka. Tutafika Siku ya Posho, saa saba. Watoto hawakulake ndakala yenye vichwa, utafute samaki mukubwa. Na ule ukuta wa mbele, Yaya, uupake kidogo, tutapiga picha pale."

"Saa saba?" Akacheka. "Ziwa nalo liko na saa? Haya, mudogo. Nitapaka."

Ninyi mnaotoka mbali labda hamjui. Kwetu kando ya ziwa mgeni wa ghafla hana shida. Anaingia, anakula kilichomo chunguni, hata kama ni sombe tu, yale majani ya muhogo, anatandikiwa mkeka, basi, wala hakuna anayeona haya. Lakini mgeni aliyetoa siku ni mzigo mwingine! Huyo anangojwa. Mwenye nyumba hatoki kijijini, hata kilio cha mbali haendi, mpaka mgeni afike na kula. Akiondoka watasema amekimbia wageni, na jina hilo ukishapewa Zongwe unazikwa nalo. Mimi nililelewa pale. Nilijua yote haya, na sikuyafikiria hata kidogo.

Jumamosi ile, hiyo Siku ya Posho, hatukwenda. Mnajua kwa nini? Nguo! Nilikuwa nimewashonea watoto vitenge vya sare kwa ajili ya picha, na fundi hakuwa amemaliza. Papa Zawadi alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha pikipiki. Nikampigia Yaya, nikamwambia tumesogeza hadi wiki inayofuata. Akasema hakuna neno. Sikujua kwamba alikuwa ameshakaanga samaki, na ameazima godoro kwa jirani.

Wiki iliyofuata nguo zilikuwa tayari, nzuri ajabu, lakini boti iliyokuwa inaenda kusini ilikuwa ya mizigo, imejaa mifuko ya simenti ya Kabimba. Boti ile nzuri yenye paa na viti ilikuwa imeharibika. Papa Zawadi akasema tupande, watoto watakaa juu ya mifuko, ni raha kwao. Niwapandishe watoto wangu juu ya simenti na vitenge vipya? Nikakataa. Nikampigia Yaya, nikasogeza tena. Safari hii akasema tu, "Haya, mudogo."

Baada ya hapo Papa Zawadi alirudi nyumbani mchana mmoja akiwa na haraka.

"Muendeshaji wa boti ameniambia ameona Yaya Feza anachechemea," akasema. "Mguu wake umevimba. Kuna boti inaondoka sasa hivi. Twende. Ao acha niende peke yangu, nimulete hapa aone munganga."

Mungu anisamehe. Nilimwambia asiende! Nilimwambia kuchechemea hakuui mtu, Yaya ni mtu wa kutembea peku, lazima amechomwa na mwiba. Nikamwambia akienda sasa ataharibu safari ya wote, Yaya atamlisha yeye peke yake chakula alichotuwekea sisi. Tuligombana. Mwisho akakaa kwenye kiti cha uani, akavua viatu, na boti ile ikaondoka bila yeye.

Lakini hilo analijua, na amejilaumu nalo vya kutosha. Linalofuata halijui. Hakuna anayelijua.

Siku mbili tatu baadaye Yaya alinipigia yeye mwenyewe. Haikuwa kawaida yake, siku zote mimi ndiye niliyekuwa nampigia. Nilikuwa kazini, mbele ya mashine, na mkubwa wangu anangojea karatasi zake.

"Mudogo," akasema, "unaweza kuja kidogo mbele ya ile siku? Hata kesho. Hata wewe peke yako."

"Kuna nini, Yaya?"

"Hakuna neno kubwa. Huu muguu unanisumbua. Nataka tu kukuona."

Alikuwa anahema. Niliisikia ile pumzi, siwezi kusema sikuisikia. Nami nikasema maneno haya, nayaandika yalivyo: "Yaya, tafadhali, usiniharibie programu. Nimesogeza mara mbili, nikisogeza tena biro wataninyima konje. Si imebaki siku chache tu? Vumilia."

Akacheka kidogo, kicheko chake cha kunituliza, kile cha zamani nilipokuwa naogopa radi.

"Haya, mudogo. Mambo ya watu wa biro. Salimia watoto."

Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Yaya kwangu.

Simu iliyofuata kutoka Zongwe ilikuwa ya jirani yake, Mama Bahati, asubuhi na mapema, na hakuhitaji kumaliza. Alianza tu kusema, "Mama, jikaze," nikaanguka chini.

Unajua tulivyosafiri? Tulipanda boti ya kwanza tuliyoikuta. Ilikuwa na magunia ya unga na matangi ya mafuta, na sikuuliza ina paa au haina. Sikumwambia yeyote tutafika saa ngapi. Sikuomba ruhusa bironi. Mtoto mmoja alivaa suruali ya kulalia. Nilipanga wiki na wiki nisiende, na kwa maiti nikaondoka kabla chai haijachemka! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliniita kabisa apone, nami nikamwambia avumilie.

Tulipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta. Yaya alikuwa ameupaka udongo mweupe toka chini hadi juu, laini, na pembeni amechora maua kwa vidole. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyoomba. Waombolezaji walikuwa wameuegemea.

Mama Bahati alinikalisha, akaanza kunieleza. Udongo ule mweupe unachimbwa kule mtoni, na Yaya alipokuwa anachimba, jembe lilimkata juu ya mguu. Kidonda hakikuwa kikubwa. Kilianza kuvimba, kikatoa usaha. Muuguzi wa pale kijijini akamwambia aende Kalemie hospitalini, asikawie, sumu inaingia kwenye damu.

"Tulimwambia aende," alisema Mama Bahati. "Akasema, 'Mudogo ametoa siku. Nikienda atakuta mulango umefungwa, na watoto wake. Watu watasema nimekimbia wageni. Wacha wafike, wakule, nitaenda nao kwa boti moja.' Mukasogeza, naye akasogeza. Mukasogeza tena, naye vilevile."

Halafu akanishika mkono na kunihurumia. Kunihurumia mimi!

"Alikuficha, mama. Alikupenda sana, njo maana alikuficha. Usijilaumu. Ungejua ungekuja."

Na wale wanawake wote wakaitikia. Ndiyo, Feza alikuwa msiri. Feza alikuwa mkaidi. Mwingine akasema kifo hiki amejitakia mwenyewe, angalau angemwambia mdogo wake. Papa Zawadi naye alikuwa amekaa pale karibu na wanaume, akatikisa kichwa kukubali.

Nilipaswa kufungua mdomo. Nilipaswa kusema, apana, hakunificha, aliniambia, aliniomba kwa mdomo wake. Nilinyamaza! Nikainamisha kichwa, nikalia, na kilio changu kikawa kama kuitikia. Nilimuua kwa kiburi, kisha nikamwacha marehemu abebe lawama yangu mbele ya kijiji chake, yeye aliyekufa kwa kuogopa kijiji hicho kisimseme.

Bado kuna jambo. Siku ya pili ya kilio, mchana, nilitaka kupiga simu Kalemie, rezo, mtandao wa simu, ikawa hakuna; kule chini huja usiku na alfajiri tu, saa nilizokuwa nampigia Yaya. Nikaonyeshwa njia ya mlimani, kwenye mawe, ndiko watu wa pale wanakopandia kutafuta rezo. Nilipanda na miguu yangu mizima na bado nilipumzika njiani, jasho linanitoka. Nikiwa pale juu ndipo nilipoelewa ile pumzi niliyoisikia kwenye simu. Alipanda kule kwa mguu ule! Peke yake, ili aniombe nije. Halafu akateremka na jibu langu.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Walikuja kunitafuta.

Toka siku hiyo silali vizuri. Nikisikia boti inaita abiria naziba masikio. Konje yangu, ile likizo niliyoilinda, ilifika, nikaimalizia kitandani. Watoto wameniuliza zile nguo za sare ziko wapi, nikawadanganya kwamba zimeibwa. Niliwagawia watu wa mbali, nisizione zikivaliwa.

Ndugu zangu mnaosoma, sikatai kupanga. Panga harusi, panga minerval, ile ada ya shule ya watoto, panga safari ya kwenda kwa watu usiowajua. Lakini aliyekulea usimpangie siku! Usimfunge nyumbani kwake na ahadi yako. Mtu wa damu yako akikuambia njoo kesho, usiulize kuna nini, kwa sababu atakujibu hakuna neno kubwa. Wazee wetu wote hujibu hivyo. Nenda tu, hata kama ni juu ya simenti. Ukikuta ni mzima mcheke pamoja, mle sombe, urudi kazini ugombezwe.

Na ukishakosea, usinyamaze kama mimi. Kosa la kwanza nililifanya kwa simu, kwa dakika moja. La pili nalifanya kila siku ninapoamka nikapokea pole.

Papa Zawadi, huu ukurasa unausomaka kila wiki, na kwa kawaida unatusomea kwa sauti. Leo usisome kwa sauti. Wewe unadhani Yaya alitufichia sote. Aliniomba, baba. Alipanda mlima akaniomba, nami nikakataa.