Sakafu ya Bafu la Mama

Kila sifa njema namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyenipa uhai hadi nikaota mvi katika nchi ambayo sikuzaliwa, akanipa na paa juu ya kichwa changu, na watu wa kunisalimia nikitoka msikitini. Asiponipa kingine zaidi ya hiki, bado nitakuwa nimepewa kingi.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa kijana na nyumba yetu hapa Annandale, Marekani, ikiwa bado ngeni kwetu, barua ya viza ya mama yangu ilitoka. Mama alikuwa Tanga, hajawahi kupanda ndege. Mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, na mama alikuwa anakuja kumlea mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Zuhura alikuwa hana mama tena. Alikuwa akisema, "Huyu akifika, mimi sina hofu." Basi nikaapa moyoni kwamba mama akifika atakuta bafu la juu limetandikwa vigae vya kupendeza, si ile plastiki ya kijivu iliyokuwa imekunjamana pembeni.

Nilipiga hesabu jinsi nilivyomwona baba akipiga alipojenga kwetu: vigae, saruji, na ujira wa fundi. Kwetu sakafu ni zege, ukishalimwaga ni la maisha. Sikufikiri kwamba nyumba za huku zimejengwa kwa mbao, na kwamba chini ya kigae kuna plaiwudi inayokunywa maji kama mkate.

Fundi alikuwa Mkongo, tukimwita Papa Kasongo, mtu wa maneno machache. Aliniletea makadirio yake yakiwa na mambo mengi ambayo sikuyaomba: kubomoa ya zamani na kuipeleka jalalani, kubadilisha mbao zilizooza kando ya choo, kupaka utando wa kuzuia maji kabla ya kigae, kukata mlango ufunguke juu ya sakafu iliyoinuka. Nikaona ananiongezea bei. Na mimi nilikuwa nimeshapenda vigae vyenye michirizi ya dhahabu, ambavyo bei yake ilikaribia kumaliza akiba yetu.

Papa Kasongo akaniuliza swali moja tu. "Ndugu, apa chini mutamwanga maji mingi, ao kidogo?"

Nikamjibu, "Kidogo. Tunaoga kama Wamarekani tu."

Mwanangu, ule haukuwa ukweli, na niliujua. Niliona haya kumwambia kwamba mama yangu hutawadha amesimama sakafuni, anamimina maji kwa kopo hadi kwenye vifundo vya miguu, na kwamba kwa magoti yake hawezi kuruka ukuta wa beseni la kuogea. Kwenye makadirio nikaufuta utando, nikaufuta na ubadilishaji wa mbao. Vigae vya dhahabu vikabaki.

Mama akafika. Aliingia bafuni, akapapasa ukuta, akasema, "Baba, umenijengea ikulu." Nikatembea siku hiyo kama niliyeota mbawa. Kisha akachukua kopo lake, alilolileta kutoka nyumbani ndani ya sanduku, akatawadha kama alivyotawadha maisha yake yote.

Wiki haikuisha. Majirani walikuja kumwamkia mama, tumekaa sebuleni na chai ya tangawizi, mama yuko juu anajiandaa kwa alasiri. Tone likaanguka kwenye sahani ya vitumbua. Likafuata la pili. Mama Wanjiru, Mkenya wa nyumba ya pili, akatazama dari, akatazama dirisha, nje jua linawaka.

"Kwani kwenu mvua inanyeshea ndani?" akauliza.

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, nikisogeza sahani. Lakini mama alikuwa ameshuka, amesimama kwenye ngazi, uso bado umelowa, na alikuwa ameona dari.

Kuanzia hapo akabadilika. Akawa anafuta miguu kwa kitambaa kibichi, anaomba msamaha kwa kila tone. Asubuhi moja nikamkuta kwenye sinki la jikoni anajaribu kuinua mguu, ameshika ukingo wa meza, anatetemeka. Nikamshika asianguke. Akakaa kitini, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kelele:

"Baba, nibadilishie tiketi. Nyumba hii haitaki maji, na mimi siwezi kusali bila maji. Zuhura atanisamehe."

"Mama, ni vigae tu. Nitaweka mkeka."

"Ulijua nakuja?"

"Nilijua."

"Ulijua ninavyotawadha. Ulimwambia fundi?"

Nikainama kufuta maji sakafuni.

"Umempa fundi nyumba ya mtu mwingine aijenge," akasema. "Mimi umenileta nikae kwenye nyumba hiyo ya mtu mwingine. Sasa nitakaaje?"

Zuhura alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo, amesikia yote. Aliniangalia tu, nami nikaenda kuchukua simu.

Papa Kasongo alipokuja na kung'oa kigae cha kwanza, mbao ya chini ilibonyea kwa kidole. Nikamweleza kila kitu, kopo na magoti na haya yangu. Akatikisa kichwa, akacheka polepole. "Wamarekani gani hawa, ndugu? Mama anatawadha sawa vile kwao, na wewe ulinificha."

Safari hii nilimwachia kila alichoandika. Mbao zikabadilishwa, utando ukapakwa, kona moja ikateremshwa kidogo kuelekea tundu la kutolea maji. Ili kulipa, gari nililokuwa nikilitamani nililiacha mwaka ule. Vigae tulivyoweka vilikuwa vidogo, vya rangi ya udongo, visivyoteleza, na tulioga kwa Mama Wanjiru mpaka kazi ikaisha, nikimpelekea sukari na majani ya chai. Tiketi haikubadilishwa. Binti yetu alipozaliwa, mama ndiye aliyemwogesha, na maji yalimwagika atakavyo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kutandika vigae, usianze na duka. Anza kwa kumweleza fundi jinsi mnavyoishi humo ndani, hata yale unayoyaonea haya, kwa sababu hawezi kukadiria asichokijua. Hesabu kinachong'olewa na pa kukitupa, hesabu mbao za chini na kinachozuia maji, hesabu mlango, hesabu pa kuogea wakati kazi inaendelea, na weka kando kiasi kwa ajili ya kile kitakachoonekana baada ya kubomoa, maana daima kipo. Ukishatenga hayo yote, kilichobaki ndicho cha kuchagulia rangi. Kama kilichobaki ni kidogo, chagua kigae cha kawaida, utakipenda ukikizoea. Kama hakipo kabisa, subiri. Hakuna dhambi katika kusubiri.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe ulimi wa kusema kweli na watu unaowaajiri, aijaze nyumba yako utulivu, na awajaalie wazazi wako wafike kwako wakiwa wazima na wakae wasitake kuondoka. Amin.