Niliruka Aya Moja Nilipomsomea Baba Hati ya Nyumba

Admin, jina langu lifiche, mji wenyewe huu mdogo. Nina miaka thelathini na sita, nimeachika, nafundisha shule moja Tononoka na naishi na mamangu Mji wa Kale.

Baba alipokuwa hai lakini haoni tena, kaka yangu wa kwa baba alimletea hati ya Kiingereza iliyoandikwa na wakili wake: yeye kaka awe mdhamini wa nyumba yetu, yaani aishike na kuisimamia kwa niaba yetu sote. Baba alimwamini. Akaniita mimi, msomi wa nyumba, nimfasirie kabla hajatia kidole gumba.

Nilifasiri vizuri mpaka nikafika aya iliyoanza na "nitakapokufa". Jamani, kwetu mtoto hamtajii mzazi kifo chake usoni, tena mgonjwa. Nikaipitia kwa macho tu: akifa, mdhamini auze nyumba, warithi wagawane. Nikairuka.

Baba akauliza, "Na mamiyo je, yumo?"

"Yumo, baba," nikasema. Jina lake lilikuwamo kweli, kwenye orodha ya warithi. Akatia kidole, nami nikatia sahihi chini kwamba nimemfasiria neno kwa neno. Nilijiambia kaka hawezi kumtoa mama. Mjinga mimi!

Baba amefariki. Mama anakaa eda, zimebaki wiki tatu, na nyumba ishapata mnunuzi. Nilipomlilia kaka alinijibu, "Dada, hati ulimsomea wewe. Mimi natekeleza alichokitaka baba."

Wakili niliyemwendea hakunificha. Nikiapa mahakamani kwamba sikusoma yote, nitaulizwa nilidanganya lini, siku ile au leo. Naweza kushtakiwa, kazi ikaenda, na nyumba ikauzwa vilevile.

Juzi mnunuzi alikuja na fundi kupima vyumba vya juu. Mama akasikia vishindo, akauliza ni nani. Nikamwambia ni mafundi wa bomba. Akanituma niwapelekee juisi ya ukwaju. "Watu wa kazi hao, wasitoke na kiu nyumbani mwangu," akasema. "Mungu amrehemu babiyo, hakuniacha nikitangatanga."

Niliwapelekea. Walikunywa, wakashukuru.

Sili, silali. Wenzangu, mwenye neno na aniambie. Mama akitoka eda nimpe habari ipi: kwamba anatolewa nyumbani kwake, au kwamba aliyemtoa ni mimi?