Bakuli la Maua ya Buluu

Mkinisikia mtaani naitwa Kassim Bakuli msidhani ni jina la ukoo, wala msidhani niliwahi kuuza vyombo. Jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya ukumbi mzima, siku ambayo mpaka leo nikiikumbuka nimelala najifunika shuka gubigubi kama vile kuna mtu kasimama ananitazama. Wenzangu aibu zao watu husahau. Yangu nilienda kuirekodi, nikalipia studio, nikaitoa nakala mia tatu.

Tulikuwa watatu, tukijiita Wakata Mkonge: mimi, Shaibu wa nyumba ya pili kutoka kwetu, na Yohana aliyeteremka kutoka milimani huko Amani (baba yake Mlutheri wa kanisani kwelikweli, alidhani mwanawe yuko mjini anajifunza useremala). Zilikuwa zama za ruksa, kila kitu kimefunguliwa, mitumba imejaa mjini, redio mpya zinaanza, na sisi tuliovaa kaptura za viraka miaka ile ya foleni sasa tunavaa majaketi ya baridi ya Wazungu kwenye joto la Tanga ili tufanane na marapa, jasho linatutoka mpaka viatuni, lakini nani anajali. Wimbo wetu ukapigwa redioni, tukaitwa Moshi, tukaitwa Arusha, tukaitwa Dar, tukirudi Chumbageni watoto wanatufuata njia nzima. Sasa siku moja, Muheza, mshereheshaji akashika maiki akatangaza, "Anakuja Shaibu na wenzake!"

Na wenzake! Mimi niliyekuwa naandika nusu ya mistari! Nikanuna kutoka Muheza mpaka nyumbani, na nilipofika nikawa nishajitoa kwenye kundi. Shaibu alinifuata barazani kwetu akaniambia, "Yakhe, si jina tu hilo? Wiki ijayo watasema Kassim na wenzake, na mimi sitanuna." Nikamwambia asubiri, atanisikia.

Basi nikaanza kutengeneza kanda ya peke yangu, na niliipa jina hilohilo, Peke Yangu. Nilikuwa na nyimbo tisa. Upande wa kwanza ukajaa vizuri, upande wa pili ukabaki na nafasi ya wimbo mmoja, na ningeweza kuiacha hiyo nafasi ipite kimya kama kanda nyingine zote za dunia hii, lakini nikasema haiwezekani, watu wataona nimeishiwa. Nikakaa nusu saa tu, nusu saa jamani, nikaandika wimbo wa kumkomesha Shaibu. Nikaujaza hapo.

Sasa ili mnielewe, lazima niwaambie habari ya bakuli. Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa na bakuli la kauri lenye maua ya buluu, zito hata likiwa halina kitu. Miaka ile ya shida, mimi mtoto wa miaka saba hivi, ilikuwa kila siku baada ya alasiri mama analifunika kwa kawa, ananikabidhi, ananiambia, "Mpelekee Mama Shaibu. Na usifunue, chakula cha watu hakifunuliwi njiani." Nalibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba msahafu, nafika, Mama Shaibu analipokea anaingia nalo ndani, mimi na Shaibu tunacheza gololi uani, halafu ananirudishia limefunikwa vilevile. Si mnajua kwetu bakuli la jirani halirudi tupu? Ukiletewa kitu unarudisha na chochote ulichonacho, hata ndimu, hata chumvi. Kwa hiyo mimi nilijua sisi ndio tunaowapa, na wao wanarudisha shukrani. Baba alikuwa Mombasa kutafuta maisha, na mama kila tukila alikuwa anasema, "Baba yako katuma." Nikakua hivyo, najua nyumba yetu ilikuwa nyumba yenye nacho, na kina Shaibu tuliwalisha sisi.

Ndiyo nikaandika hivi (naisema mara moja tu, msiniombe nirudie):

Leo wajiita simba, jana ulikuwa nani?
Bakuli lilikulisha, lilotoka kwetu ndani,
Jioni nikilibeba, na kawa, hadi mlangoni,
Mamangu asingepika, ungelala njaa, mwandani.

Nikaona nimetunga! Nikapeleka kanda kwa Mzee Hasanali ambaye dukani kwake ndiko zilikokuwa zinatolewa nakala. Mzee huyu babu yake alikuja kutoka Bara Hindi, yeye mwenyewe kazaliwa Tanga, na duka lile aliwahi kuuza vyakula kabla ya kuuza kanda. Akaisikiliza yote, kufika upande wa pili akabonyeza kitufe, ikasimama.

"Kassim, hapa pa bakuli, una hakika napo?"

"Mzee, nilikuwa nalibeba mimi mwenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi nilikuwa nauza mchele miaka ile, mwanangu. Najua nani alikuwa anakuja kununua na nani alikuwa haji. Muulize mama yako kwanza." Mimi nikamwona mzee wa kanda za zamani, hajui rapu, anataka nyimbo za mapenzi tu. Nikamwambia atoe nakala.

Kumuuliza mama? Nilitaka mama ausikie mara ya kwanza ukumbini, afurahi mbele za watu! Tena uzinduzi niliuweka Jumapili mchana makusudi ili kina mama waje, na mama akaja na chama chake kizima cha ngoma, wamevaa kanga sare, na mkono wake umemshika Mama Shaibu. Hao wawili walichezwa unyago pamoja, wamezaa pamoja, wamezikiana wazazi. Mama Shaibu alivyoingia nilishtuka, lakini alinipungia mkono akasema kwa sauti, "Ugomvi wenu ni wenu, mimi nimekuja kwa mwanangu." Wakakaa mstari wa mbele. Shaibu na Yohana walikuwa nyuma kabisa, wamesimama mlangoni.

Hapo ndipo niliposema wimbo wa bakuli nitauruka. Ingewezekana kama ningekuwa naimba mwenyewe. Lakini tulipokuwa watatu mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anadaka, sasa niko peke yangu, na jaketi lile, beti moja tu nahema kama niliyebeba gunia, kwa hiyo nilikuwa nimeamua kufanya pleibeki: kanda inaimba, mimi nachezesha mdomo. Na yule dijei, Chande, nilikuwa nimemwonya asubuhi, "Hata paa likianguka, usizime kanda." Kijana mtiifu yule, Mungu amlipe.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, watu wanashangilia. Chande akageuza kanda upande wa pili. Wimbo wa bakuli ulipokaribia, nikamfanyia ishara kwa mkono, ruka, ruka. Akaona mkono unapanda juu, akaongeza sauti! Nikamfanyia mikono miwili, akaongeza tena! Na mimi huyo nasikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye maspika makubwa kama makabati, leo wajiita simba, jana ulikuwa nani. Nikafumba mdomo. Nimefumba kabisa, naapa, nimesimama katikati ya jukwaa midomo nimeibana, na sauti yangu inaendelea kumtukana mama wa watu.

Sasa kina mama wa kwetu mnawajua. Wao rapu hawaijui, lakini wimbo wa kijembe wanaujua toka tumboni. Waliposikia bakuli, na kulishwa, na nani alikuwa nani, mara moja wakajua huu ni mpasho, na mpasho una mwenyewe ukumbini. Kungwi mmoja wa chama cha mama akainuka kuja kunitunza, noti ameishika juu kabisa, anacheza taratibu, na wala hakuja moja kwa moja, akapita kwanza mbele ya Mama Shaibu, akasimama hapo akajitikisa, ndipo akaja kunibandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Ukumbi ukalipuka vigelegele. "Rudia! Rudia hapo!" Na Chande, kijana mtiifu, akarudisha kanda nyuma, wakausikia tena. Nikatamani umeme ukatike. Ule mwaka umeme ulikuwa unakatika kila siku isipokuwa siku hiyo.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake umeachia mkono wa mwenzake, na kanga ameivuta mpaka machoni. Nikadhani analia kwa furaha (ndiyo, mpaka dakika ile nilikuwa mjinga kiasi hicho), kisha nikaona mabega yanavyotetemeka, nikajua siyo.

Mama Shaibu akainuka. Ukumbi wote unajua mpasho ukishapigwa mwenye kupigwa hujibu, wengine wakavuta viti nyuma wapate nafasi ya kuona. Akapanda jukwaani polepole, ana magoti mabovu yule mama, akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti, akanitilia mfukoni. Halafu kwa pindo hilohilo akanifuta jasho usoni.

"Hongera mwanangu," akasema. "Umekua. Ni kweli, mlitulisha."

Akageuka ateremke. Na ingeishia hapo, mimi ningebaki na uongo wangu na yeye na aibu isiyokuwa yake, wala nisingejua mpaka nakufa. Lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Zima hiyo kanda!" Sauti ile sijawahi kuisikia. "Zima! Fatuma, Mama Shaibu, usinifichie tena, imetosha. Nyie watu sikilizeni. Bakuli lile lilikuwa linakwenda na ndimu mbili! Ndimu mbili za huo mti wa nyuma! Nilikuwa nalifunika ili mwanangu asijue kuwa anakwenda kuomba, na majirani wasijue. Huyu ndiye aliyekuwa analijaza. Mchele wa mumewe, wa watoto wake, anaugawa nusu kwa nusu. Kutoka Mombasa haikuja hata barua."

"Zuhura, nyamaza," Mama Shaibu akasema pale kwenye ngazi, analia. "Tuliahidiana, Zuhura."

Jamani. Mtoto wa miaka saba anajua nini? Nilikuwa nalirudisha, mama analipokea jikoni, muda si muda tunakula wali. Miaka yote hiyo sikuwahi kuunganisha. Ukumbi mzima uliunganisha kwa dakika moja, na mimi nikaunganisha nao, nimesimama na noti usoni na jaketi la baridi.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka Shaibu mlangoni. Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Akasema, "Nilikuwa naona mama anavyolijaza. Alinikataza kukwambia, akasema ukijua utashindwa kula." Basi. Hakunipiga. Ningemshukuru kama angenipiga. Wakaondoka yeye na Yohana, na toka siku ile tukikutana tunasalimiana tu.

Kesho yake nikazunguka kuzikusanya kanda. Mzee Hasanali alikuwa ameshaziondoa rafuni mwenyewe. Lakini zilizokwisha kutoka zilitoa nakala, nakala zikatoa nakala, na katika nyimbo zangu kumi, ule wa kujazia nafasi ndio uliopendwa, ukafika Korogwe, ukafika Pangani. Siku moja nilikwenda kuzika Tongoni, nikakuta watoto wanauimba huku wanaruka kamba.

Mama aliacha kwenda kwenye shughuli. Chama akajitoa, kanga sare akazikunja. Wala si kwamba waligombana na Mama Shaibu, afadhali wangegombana. Siri ile ndiyo iliyokuwa inawakalisha pamoja bila mmoja kuwa mdogo wa mwenzake, na mimi niliitoa nje. Sasa wakikutana njiani wanaulizana hali kama wageni, kila mmoja anawahi kwake.

Ramadhani ilipofika mama akapika pilau, akalitoa bakuli la maua ya buluu, akalijaza mpaka kawa haikai vizuri. Akanipa. "Mpelekee Mama Shaibu." Sasa mimi ni mwanamume mzima mwenye ndevu, nimebeba bakuli kwa mikono miwili, napita Chumbageni na watoto wananiimbia beti langu mwenyewe nyuma yangu. Nikafika, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya mama, akalipokea, akaingia ndani. Nikasubiri uani palepale tulipokuwa tunacheza gololi. Akanirudishia limefunikwa.

Nyumbani mama akaweka mezani, akafunua. Lilikuwa limeoshwa, limefutwa likakauka, halina kitu. Hata ndimu moja.

Mama akapitisha kidole ndani yake, kikatoka kikavu. Mimi nikasema labda amesahau, mama, si unajua watu wakifunga. Akasema, "Fatuma hasahau." Akalifunika tena kama vile bado kuna kitu ndani. "Kesho utapeleka tena."

Maiki sijaishika tangu hapo na sitaishika, hilo nimeapa kwa Mwenyezi Mungu, na mtu akiniletea mistari yake niisikilize namuuliza kama amemuuliza mama yake kwanza. Bakuli bado nalipeleka kila Ijumaa, na bado linarudi tupu. Nyie endeleeni na mazungumzo. Alasiri imeadhiniwa, mama ameshapakua, ananisubiri nilipeleke.