Kengele Niliyoiziba Mimi

Ofisi ya bima pale Bukoba mjini walinicheka. Niliingia na mwavuli wangu na heshima zangu zote za mwalimu mstaafu, nikauliza kama wana bima ya mbwa wa kuwinda. Dada wa mapokezi akanikodolea macho. "Mbwa, mwalimu? Mbwa huyu huyu anayebweka?" Walikuwa na ya ng'ombe wa maziwa, ya pikipiki, ya nyumba. Ya mbwa hawakuwa nayo. Nikatoka nimenuna, nikapanda gari kurudi Izigo, nikajisemea potelea mbali, sisi tuna bima yetu wenyewe.

Na kweli tulikuwa nayo. Kijijini kwetu kuna kikundi cha wawindaji kinachotambuliwa na ofisi ya kijiji. Kazi yao ni kuwakabili nguruwe pori wanaofukua mihogo na viazi vyetu. Mbwa wanaoingia nao vichakani ni wa watu mbalimbali, na kila mbwa huvishwa kengele ya chuma shingoni ili ijulikane yuko wapi. Sheria zao ni fupi. Mbwa akijeruhiwa na nguruwe, kikundi kinamtibu. Akichomwa na mkuki wa mwindaji, aliyerusha anabeba matibabu yote na mkuki wake anauweka chini msimu mzima, kwa sababu hakuna ruhusa ya kurusha kabla hujasikia kengele ziko upande gani. Lakini kama kengele haikuwa ikilia, mwenye mbwa asimdai mtu. Ugomvi wote wa kikundi kile, tangu nikijue, ulikuwa juu ya hilo la mwisho.

Mbwa wetu alikuwa mwekundu, mwembamba, ana mbio za ajabu. Mume wangu ndiye aliyemlea na kumfundisha. Mgongo ulipomshinda mume wangu, mwenyekiti wa kikundi akawa anampitia mbwa asubuhi, na mimi namkabidhi pale barabarani. Wanawake kwetu hatuendi kuwinda. Ila mbwa yule nilimpenda kuliko nilivyokubali mbele za watu.

Asubuhi ya siku hiyo mume wangu alikuwa na malaria, kichwa kinamgonga. Mbwa alishavishwa kengele yake, anazunguka uani bila kutulia, kengele inalia ngang'a ngang'a, anajua leo kuna safari. Mume akaanza kulalamika chumbani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijifichi. Nikakunja jani kavu la mgomba, nikalisindilia ndani ya kengele mpaka ikanyamaza. "Haya, lia sasa tukuone," nikamwambia mbwa. Mwenyekiti alipofika na mbwa wengine wawili, kengele zao zikipiga kelele, tukasalimiana, nikamkabidhi, nikarudi kukoroga uji wa mgonjwa. Jani nikalisahau. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kulisema.

Saa saba mchana walimrudisha amefungwa kwenye gunia, paja la nyuma limepasuliwa na mkuki. Aliyerusha alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi baba wa watoto watatu, mtu mpole asiye na makuu. Ndiye pia aliyembeba mbwa njia nzima, shati lote damu. Alikuwa anarudia neno moja tu, na ile "waitu" yetu ya Kihaya ya kusihi kwa heshima. "Waitu mwalimu, sikusikia kengele. Haki ya Mungu, sikusikia."

Mawe, mama yangu! Nilimshukia kwa maneno mpaka mwenyekiti akanishika mkono. Nikamwambia hata darasa la nne hakuwa anasikia, ndiyo maana hesabu zilimshinda. Akainamisha kichwa. Walipoondoka nikachemsha maji, nikaanza kusafisha kidonda, na mkono wangu ukaigonga ile kengele. Haikutoa sauti.

Nililichomoa jani limelowa damu, nikalitupa kwenye moto wa jikoni. Mume wangu akauliza kutoka chumbani, "Anaendeleaje?" Nikasema anaendelea. Maji nusu yalikuwa yamemwagika miguuni mwangu, na wala sikusikia kama ni ya moto.

Daktari wa mifugo aliyeitwa alisema mfupa una ufa. Mbwa apelekwe Bukoba apasuliwe ndani ya siku mbili, la sivyo ni sindano ya kumpumzisha. Pensheni yangu naijua, na dawa za mgongo wa mume wangu nazijua. Nikisema ukweli, hakuna anayewajibika kunisaidia, mbwa anakufa. Nikinyamaza, mbwa anapona kwa mgongo wa mtu asiye na kosa. Niliyapiga hayo mahesabu mpaka kichwa kikauma, na kila mara jibu lilikuwa baya.

Kikao kilifanyika kesho yake asubuhi, uwanjani pa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti aliwauliza wawindaji mmoja mmoja kama walisikia kengele ya mbwa wa mwalimu. Wa kwanza akasema alisikia. Wa pili akasema alisikia vizuri sana, tena upande wa kushoto. Wa tatu na wa nne hivyo hivyo. Kichakani kulikuwa na mbwa wengine wawili wenye kengele, na hizo ndizo walizosikia, lakini mtu akishatamka mbele ya wenzake kwamba amesikia, ndiyo imetoka hiyo. Mshtakiwa alisimama peke yake. "Huenda ilikuwa inalia," akasema. "Mimi sikusikia."

"Basi kapimwe masikio!" mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, una la kusema juu ya kengele?" Nikasimama, nikarekebisha kitenge changu, nikasema kwamba nimechoka, mgonjwa wangu yuko ndani na mbwa wangu anakufa, na wao wamekaa wanauliza habari za kengele. Nilisema kwa ukali wa darasani. Hakuna aliyeuliza tena, wakamtia hatiani.

Akauza mbuzi wake, tukakodi gari. Aling'ang'ania kuja nasi, maana ndiye wa kulipa na ndiye wa kubeba. Njia nzima kichwa cha mbwa kilikuwa mapajani mwangu na miguu mapajani mwake. Kufika Kanazi akaniuliza, "Mwalimu, wewe unanisikia nikiongea kawaida? Sipayuki?" Nikamjibu hapayuki. Nikageukia dirishani, nikajifanya naangalia mashamba ya watu.

Mbwa alipasuliwa, akapona pole pole. Mimi sikupona. Niliacha njia ya juu inayopita kwa yule kijana aliyerusha mkuki, nikawa napita ya chini yenye matope. Jumapili kanisani nilikaa nyuma ya nguzo. Simu ikiita nadhani ni mwenyekiti na ameshajua. Mume wangu akasema nimepungua mwili, nikamwambia aache maneno.

Wiki ya tatu kijana akaja mwenyewe kumjulia hali mbwa. Akanipa shikamoo, nikampa kiti na kahawa ya kutafuna, akaishika tu mkononi bila kula.

"Nimetoka hospitali mjini, mwalimu. Wamenipima masikio. Wamesema mazima kabisa."

"Si vizuri hivyo?"

"Vizuri vipi? Watu wanne walisikia. Kama masikio yangu ni mazima, basi ni kichwa." Akatabasamu vibaya. "Nyumbani wananiongelesha kwa kelele. Na mke wangu hanipi tena mtoto mdogo niende naye dukani. Anasema pikipiki itakuja nyuma nisiisikie, nimuulie mtoto."

Hapo uvumilivu wangu ukaniishia. Nikamwambia. Jani, malaria, moto wa jikoni, yote, bila kupumzika, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na makosa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kikao ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitamani anitukane, nimewahi kumchapa huyu kwa kusema uongo juu ya daftari. Akaweka kahawa juu ya kiti, akasimama. "Twende nyumbani kwangu," akasema. "Kikundi utakiambia siku yoyote. Kwanza mwambie mke wangu."

Tulipanda njia ya juu, yeye mbele. Nilijua kikundi kitanitoa mimi na mbwa wangu, na matibabu yote yatanirudia, na ndivyo ilivyokuja kuwa, lakini siyo hilo lililonifanya nishindwe kupumua kwenye kile kilima. Tulimkuta mke wake uani anageuza kahawa juu ya jamvi. Akanisalimu kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, akapaza sauti kama anaita mtu wa ng'ambo ya bonde. "BABA! LETE KITI CHA MWALIMU!"

Alileta kiti, akakiweka, akazunguka nyuma ya nyumba akatuacha. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na yeye hakuacha kugeuza kahawa, ila mkono ulikuwa unapita pale pale, pale pale. Nilipomaliza machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi. Kisha, akiwa bado ameinama, akasema kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekuwa karibu naye niliipata kwa shida, "Baba, mtoto ameamka. Mchukue mwende dukani."

"Nakuja," akajibu kutoka nyuma ya nyumba.